Ngazi ya Tangi na Mnara wa Sagana

Nyumba yetu hapa Mweiga ilikuwa imepangwa kufuata hofu yangu. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo. Mambo yalijipanga yenyewe, mwaka baada ya mwaka, mpaka yakawa desturi. Sahani za wageni zilikaa kabati la chini. Mapazia yalitundikwa na mume wangu, hata lile la dirisha la jikoni ambalo mtu yeyote angelifikia akisimama juu ya kigoda. Maparachichi ya uani yalichumwa na watoto, na watoto wakiwa shule za bweni yalijidondokea, yakaliwa na kuku. Darini, kunakowekwa mahindi ya mbegu, sikuwahi kufika tangu nyumba iezekwe mabati. Niliogopa kuwa juu nikiwa msichana, nikaolewa nikiogopa, na hofu ya mtu mmoja ndani ya nyumba huwa kazi ya wengine wote.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa tangi. Sisi wa Kieni tuko upande mkavu. Mlima Kenya uko mashariki yetu, Nyandarua iko magharibi, mvua tunaiona ikinyesha huko na huko, na sisi wa katikati tunangoja mfereji ufunguliwe kwa zamu. Bila tangi hupiki, hufui, hunyweshi ndama. Letu ni la lita 5,000, la plastiki nyeusi, limekaa juu ya jukwaa la mawe linalozidi kimo cha mtu, na ngazi yake ni ya mbao za saipresi. Kuliosha lazima mtu apande mpaka juu kabisa, afungue mfuniko, aingie ndani na brashi. Mume wangu alikuwa akiifanya kazi hiyo bila kusema neno. Kisha akaumia mgongo akipakua magunia ya chakula cha ng'ombe kwenye duka lake la agroveti, daktari akamkataza kupanda na kuinama, na tangi likakaa. Maji yakaanza kutoka na nyuzi za kijani. Nikaanza kuomba vijana wa majirani, leo huyu, mwezi ujao yule, na kila mara nikisimama pale chini nikimtazama mtoto wa mwenzangu akipanda ngazi ya nyumba yangu.

Wasioijua hofu hii hudhani ni uoga wa kuanguka tu. Mwili hausimami kwa miguu peke yake. Macho nayo husaidia, kwa kuangalia vitu vilivyo karibu na kusahihisha kila tunapoyumba kidogo. Ukiwa juu, vitu vya karibu vimetoweka, macho hayana cha kushika, mwili unayumba zaidi, na akili inapokea habari mbili zisizopatana. Kila binadamu hupata hilo kwa kiasi. Kwangu lilianzia kipago cha pili cha ngazi: viganja vinalowa, magoti yanalegea, ardhi inainuka upande mmoja. Na sisi tunaishi kati ya mlima wa mita 5,199 na safu yenye maporomoko ya Karuru, ambayo hatua zake tatu zinafika mita 273. Shule yetu ilipotupeleka kuyaona, wenzangu walisogea ukingoni wakashangilia. Mimi nilibaki garini na dereva.

Habari ya Sagana ililetwa na kifungua mimba wetu, ambaye ni muuguzi Nairobi. Alikuja nyumbani likizo ya Aprili, na baada ya chakula cha jioni akatuonyesha kwenye simu picha yake akijirusha kichwa chini kutoka mnara wa mita 60 ulio kando ya mto Tana, miguu imefungwa kamba ya mpira. Baba yake alisogeza sahani. Mdogo wake wa kidato cha tatu akaomba kuiona tena. Mimi niliangalia ukutani, maana hata picha ilinilegeza magoti.

"Mama," akasema, "nitakulipia uende."

Nilikubali, na wote wakanigeukia. Sikukubali kwa ushujaa. Nilikuwa nimechoka kuomba watoto wa watu.

Binti yangu hakuniambia nijikaze, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Alichukua kalenda ya zamani ya duka la baba yake, akaigeuza nyuma, akachora ngazi. Alisema miaka ya hamsini daktari mmoja wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, alionyesha kwamba hofu ya namna hii hupungua mtu akiikaribia kwa vipago, kuanzia kile kidogo kabisa, mwili ukiwa umetulia. Hakuna kurukia kipago cha juu kabla cha chini hakijazoeleka. Akaandika vyangu: kigoda cha jikoni, kipago cha kwanza cha ngazi ya tangi, cha pili, cha tatu, jukwaa, roshani ya waimbaji kanisani, ghorofa ya tatu ya jengo moja mjini Nyeri lenye varanda ya wazi, halafu, juu kabisa ya karatasi, mnara. Mwisho akanipima presha, akaandika na hiyo pembeni, akasema ingekuwa juu angeichana karatasi yote.

Basi kila jioni baada ya kukamua, mwanangu alishika ngazi kwa mikono miwili nami nikapanda. Kusimama kwenyewe ndiko kulikokuwa kazi. Nilikaa kwenye kipago mpaka moyo utulie, hata kama ni mpaka giza liingie, kisha nikashuka kwa hiari yangu. Kijana hakuwahi kunitikisia ngazi wala kunicheka. Kuna jioni alinisomea fizikia huku ameishika. Alinieleza kwamba katika mita 30 za kuanguka bila kuzuiwa na kitu, mtu hutumia sekunde mbili na nusu hivi na hufikia mwendo wa kilomita 87 kwa saa, yaani zaidi ya kikomo cha 80 kilichowekewa matatu. Halafu kamba huanza kuvuta, na kadiri inavyorefuka ndivyo inavyovuta kwa nguvu zaidi, kama alivyoeleza Robert Hooke, mpaka kasi inakwisha. Aliniomba nisiogope hesabu. Hesabu sikuiogopa.

Siku niliyofika jukwaani ndiyo siku mambo yalipoharibika. Nilikuwa nimekaa juu kule, mgongo kwenye tangi lililopata joto la jua la mchana, miguu nimeikunja, naangalia paa la jirani ambalo sikuwahi kuliona kwa juu. Ndama akakata kamba akaingia kwenye kabichi. Mwanangu akaniuliza aende? Nikamwambia nenda, maana kabichi ile ilikuwa karo. Alimfukuza ndama akazunguka zizi, ndama akarudi kwa upande wa pili akiburura kamba, kamba ikazoa mguu wa ngazi, ngazi ikalala chini. Ndama akashika barabara ya kwenda sokoni na kijana nyuma yake. Nikabaki peke yangu juu ya jukwaa, bila njia ya kushuka, jua likizama nyuma ya Nyandarua.

Sikupiga kelele. Nilifanya nilivyofundishwa: mgongo kwenye tangi, pumzi ndefu, macho kwenye paa la jirani. Akaja jirani mwenyewe na chupa yake ya maziwa. Ni mama mwema, tumesaidiana misiba na harusi. Akasimama chini.

"Mama, unafanya nini huko juu?"

"Ninajizoeza," nikamwambia. "Nataka kwenda kujirusha Sagana."

Aliiweka chupa chini taratibu, akaniomba kwa sauti ya upole nisisogee, akainua ngazi, akaishika mpaka nikafika ardhini, akanikumbatia kwa nguvu. Kisha akaondoka mbio na maziwa akayaacha.

Nilidhani amekumbuka jiko. Lakini usiku ule simu zilipigwa kutoka Mweiga hadi Amboni na hadi Nyeri mjini, na habari ikazidi kukua: mke wa mwenye duka la agroveti amepandishwa juu ya tangi na mawazo, ameshushwa na jirani, na amesema kwa kinywa chake kwamba atakwenda kujitupa mto Sagana. Mama mkwe, anayeishi boma la pili, hakungoja kuche. Alikuja usiku na tochi, akasema anataka kulala kwetu kwa sababu mbwa wake wanabweka sana. Nikamtandikia.

Asubuhi hatukupata kamba hata moja. Kamba ya kuanikia nguo haikuwepo. Kamba za ng'ombe hazikuwepo, na ng'ombe, kwa kukosa kufungwa, walikuwa wamemaliza kabichi ambayo ndama aliiacha. Kamba ya ndoo, kamba ya kufungia magunia, hata ule uzi wa katani wa kufungia kuni, vyote vimetoweka. Stoo ilikuwa na kufuli mpya, kwa sababu ndani yake mnakaa dawa ya kupe. Visu vya jikoni nilivikuta vimehesabiwa na kupangwa. Mume wangu alizunguka boma akidhani tumeibiwa. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni na fimbo yake, hajalala, akaniambia tu, "Kaa hapa karibu nami, mwanangu."

Mimi sitawacheka watu waliokuja siku ile, na sitaruhusu mtu awacheke mbele yangu. Walikuja akina mama wa ushirika wetu, na sukari, na majani, na unga, na vitabu vya nyimbo. Walikuja wazee wawili wa ukoo wakamchukua mume wangu pembeni chini ya parachichi, wakamuuliza kama ananipiga, kama ana deni, kama kuna mwanamke. Wakati ule ule wateja dukani walikuwa wanamwachia ujumbe wa kumtia moyo. Tumezika watu hapa ambao majirani walisema baadaye kwamba waliona dalili wakanyamaza. Hawa hawakunyamaza. Yule jirani aliyeacha maziwa yake kwenye nyasi alifanya lililo sawa kabisa kwa habari aliyokuwa nayo, na nilimwambia hivyo mbele ya wote.

Ila kueleza kulichukua muda. Kila nilipotaja kamba, mama mmoja alianza kulia. Ikabidi mwanangu alete karatasi ya kalenda, aibandike ukutani, aeleze kipago kwa kipago mbele ya kina mama waliokuwa wameketi hadi mlangoni. Dada yake akapigiwa simu Nairobi, sauti ikafunguliwa ili wote wasikie. Akawaeleza kwamba mchezo huu una asili yake katika kisiwa cha Pentecost nchini Vanuatu, kule Pasifiki, ambako wanaume hujirusha kutoka minara ya miti, miguu imefungwa kwa mitambaazi ya msituni, wakati wa mavuno ya viazi vikuu. Wenyeji wanasimulia kwamba aliyeanza alikuwa mwanamke. Alimkimbia mume aliyemtesa, akapanda mti mrefu, mume akamfuata juu. Mwanamke akaruka akiwa amejifunga mtambaazi miguuni, mume akaruka bila kitu.

Kina mama waliomba simulizi hiyo irudiwe. Ikarudiwa. Ndipo kilio kikakoma nyumbani kwangu.

Mengine binti aliyapitia haraka: vijana wa Oxford walioruka kutoka daraja la Clifton mjini Bristol tarehe 1 Aprili 1979, mwaka 1988 New Zealand, ambako A. J. Hackett na mwenzake walianza kulipisha watu kwenye daraja la Kawarau, na Jinja kwa ndugu zetu wa Uganda, juu ya mto Nile. Lakini dunia ya leo kila mtu ana simu. Mmoja wa kina mama alikuwa ameshatafuta, na akaipata video ya daraja la Maporomoko ya Victoria, mita 111 juu ya Zambezi, ya tarehe 31 Desemba 2011. Msichana wa Australia, Erin Langworthy, aliruka na kamba ikakatika. Alianguka mtoni miguu ikiwa bado imefungwa, akaogelea, akaokoka. Simu ikapita mkono kwa mkono, chumba kikanyamaza. Binti yangu hakuificha wala kuipunguza. Alisema ni kweli ilitokea, na kwamba mwezi uliofuata waziri wa Zambia aliyehusika na utalii, Given Lubinda, aliruka yeye mwenyewe pale pale ili watu warudishe imani.

Mama mkwe alisikiliza yote bila kuongeza neno. Huyu ni mama aliyekuwa mtoto wakati wa Hali ya Hatari, aliyeona vijiji vikizungushiwa mitaro, na hapotezi maneno. Mwishowe akanigeukia.

"Binti mfalme wa Uingereza alikuja hapa kwetu mwaka 1952 akapanda juu ya mti pale Treetops. Alipanda binti mfalme, akashuka malkia, maana babake alifariki usiku ule. Wewe utapanda mama watoto. Unataka ushuke nani?"

Nikamwambia, "Nataka nishuke mtu anayeosha tangi lake, Mama."

Akaniangalia kwa muda. "Hiyo kamba," akasema, "nitaiona mwenyewe kwanza."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba siku ya safari Probox ya mume wangu iliondoka Mweiga imejaa. Yeye kwenye usukani na mkanda wake wa mgongo, mama mkwe mbele, mimi na jirani na mama mwingine wa ushirika katikati, kijana nyuma pamoja na chupa za chai. Binti yetu angetukuta kule akitokea Nairobi. Asubuhi ile ukungu wa Mweiga ulikuwa mzito, tukavaa masweta. Nyeri tukapita, Marua tukaingia barabara kuu, Karatina soko limeshachangamka, na kadiri tulivyoteremka ndivyo masweta yalivyovuliwa. Kutoka kwetu hadi Sagana unashuka mita mia kadhaa. Mwili wangu haukujali hata moja kati ya hizo, kwa kuwa nilikuwa nimekaa garini na vitu vya karibu vilikuwepo. Ilikuwa mita 60 tu zilizonisubiri, nami nilikuwa nimezifikiria kuliko nilivyowahi kufikiria mlima mzima.

Mto pale Sagana una rangi ya udongo wa mashamba yetu. Maji ya Mlima Kenya yanafika hapo, na ya Nyandarua pia, kupitia Chania na Gura. Mnara ulisimama kandoni. Niliuona mara moja nikageuza macho.

Mama mkwe hakugeuza. Alikwenda moja kwa moja kwa vijana wa kazi, akawasalimu, akaomba aonyeshwe kamba. Nao, kwa heshima kabisa, wakamwekea mbele yake. Haikuwa kamba moja. Zilikuwa nyuzi nyingi mno za mpira, nyembamba, zimekusanywa pamoja na kufungwa mpaka zikawa nene kuliko kifundo cha mkono. Akazipapasa kwa vidole. Akauliza uzi mmoja ukikatika inakuwaje. Akaambiwa zingine zinabeba. Akauliza kama mtu mnene na mtu mwembamba wanatumia moja. Akaambiwa hapana, kila mtu hupimwa uzito na kamba huchaguliwa kwa uzito huo, ndiyo maana kusema uongo kwenye mizani ni hatari. Akauliza nani anafunga miguu, na nani anamkagua anayefunga. Akauliza kamba inastaafu lini. Kijana akamweleza kwamba kila mruko unaandikwa, na kwamba jua huudhoofisha mpira, kwa hiyo kamba haingojwi mpaka ichakae.

"Hata ya ng'ombe huliwa na jua," mama mkwe akasema. Akaniruhusu.

Wakanipima, wakaniandika uzito kwa kalamu nyuma ya kiganja. Wakaniuliza juu ya presha, moyo, mgongo, macho, kifafa, mimba. Nilijibu yote, binti yangu akisimama pembeni akisikiliza kila jibu. Kupanda sikukuona. Nilifumba macho, mkono wa kijana wa kazi ukiwa begani mwangu, nikasikia upepo ukibadilika na sauti za watu wangu zikipungua.

Juu nilifumbua. Walizungushia vifundo vya miguu yangu kitambaa kizito, wakakaza mikanda, wakaunganisha mkanda mwingine wa kiunoni, kisha mwenzao akaja akavuta kila kitu upya akikitaja kwa sauti. Nikaambiwa nisogee kwa hatua ndogo ndogo, kwa kuwa miguu ilikuwa imefungwa pamoja, mpaka vidole vya miguu viwe nje ya ukingo. Nitazame mbele, si chini. Wakahesabu. Tano, nne, tatu, mbili, moja.

Sikuruka. Viganja vililowa, magoti yakalegea, mto ukainuka upande mmoja. Nikasema, "Nirudisheni nyuma."

Wakanirudisha papo hapo. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenisukuma kidogo kunisaidia. Yule kijana aliniambia, "Mama, hakuna haraka. Ukitaka kushuka, tutashuka pamoja." Nimeyafikiria sana maneno yale. Kama angesema "jikaze", ningeshuka na nisingerudi kamwe. Aliponipa njia ya kushuka, nilipata nafasi ya kuchagua. Niliomba kukaa. Nikaegemeza mgongo kwenye chuma, nikakunja miguu iliyofungwa, nikatafuta kitu kimoja mbali cha kuweka macho, nikapata bati la nyumba ya mtu ng'ambo ya mto. Nikalitazama. Moyo ulianza kuteremka wenyewe, kwa njia ninayoifahamu, ile ile ya kwenye tangi. Ulipofika chini niliomba wanisimamishe.

Safari hii niliwaambia wasihesabu.

Zile sekunde mbili na nusu za mwanangu ni ndefu. Hakukuwa na wazo lolote ndani yake, ni upepo tu masikioni na maji ya rangi ya udongo yanayokua. Nilitegemea kunyakuliwa kwa ghafla; haikuwa hivyo. Kamba ilivuta polepole kisha zaidi na zaidi, mpaka nikasimama karibu na mto kiasi cha kusikia harufu yake. Halafu ikanirudisha juu, na pale juu, kabla ya kuanguka tena, mwili haukuwa na uzito wowote. Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nikazunguka nikining'inia, nikawaona kina mama wangu kichwa chini miguu juu wakiimba, mume wangu ameshika mkanda wake wa mgongo, na mama mkwe peke yake haimbi, ametazama vifundo vya miguu yangu. Wakanishusha taratibu, mikono ikanipokea.

Mama mkwe alifika wa kwanza. Alipiga goti, akafungua mikanda pamoja na vijana, akapapasa ngozi ya miguu kuona kama imechubuka. Kisha akauliza, "Haya. Umeshuka nani?"

Sikuweza kujibu. Nililia, naye akanishika kichwa.

Tulikula samaki wa kukaanga kwa ugali pale Sagana. Macho yangu yalikuwa yamewiva kidogo, binti akaniambia ni damu kukimbilia kichwani na akayakagua tena jioni. Tulirudi Mweiga usiku, masweta yakivaliwa upya kuanzia Karatina.

Sasa nieleze jambo ambalo wengi walioniuliza hawapendi kulisikia. Kuruka hakukuniponya. Jioni chache baadaye nilipanda ngazi ya tangi, na kwenye kipago cha tatu viganja vikalowa vile vile. Niliumia moyo. Binti yangu akanieleza kwa simu kwamba mruko mmoja, hata uwe mkubwa vipi, huuambia mwili kwamba mara ile ulisalimika, basi. Mwili hauamini jambo moja kubwa. Unaamini jambo dogo linalorudiwa. Kwa hiyo tulirudi kwenye karatasi ya kalenda, kipago kwa kipago, kijana akishika mbao kwa mikono miwili. Likizo ya Agosti nilifungua mfuniko, nikaingia ndani ya tangi na brashi, nikalisugua mpaka plastiki ikang'aa. Mnara wa Sagana ulinionyesha kwamba inawezekana. Kazi ya kupona ilifanywa na ngazi ya saipresi.

Kamba za boma zilirudi zote isipokuwa ya kuanikia nguo, ambayo mama mkwe mwenyewe hakumbuki aliiweka wapi, tulinunua nyingine. Kabichi ilipotea. Karo ililipwa kwa kuuza ndama yule. Na yule jirani alikuja jioni moja, safari hii bila chupa ya maziwa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye pia hajapanda juu ya kitu chochote tangu alipoanguka kutoka kwenye mti akiwa msichana, na kwamba wanawe hawajui. Siku hizi tunashikiana ngazi.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kwako yuko mtu wa namna hii, unamjua. Ni yule asiyetundika pazia. Usimwite mwoga mbele ya watoto, usimpige picha akitetemeka, na usimsukume kwa nia njema. Mtafutie kipago cha chini kabisa, mshikie ngazi kwa mikono miwili, na akisema anataka kushuka, ashuke. Akitaka kwenda Sagana, apimwe presha kwanza, na aseme uzito wake wa kweli. Na mama mkwe aambiwe mapema, na kwa maneno yaliyo wazi, kabla hajaambiwa na jirani.